Bibi Yuko Songea Anashona

Mjimwema, Songea
4 Februari 2024

Dada Devota,

Shikamoo. Pokea ya kwenye karatasi, maana za kwenye simu zinaita mpaka zinachoka zenyewe. Tangu tumzike mama nimekupigia mpaka yule mwanamke anayesema namba haipatikani nimeanza kumzoea, bado kidogo nimuulize watoto hawajambo. Najua huko Namasakata mtandao ni wa kupanda kichuguu. Lakini dada, kweli hata kichuguu kimoja hujapanda kwa ajili yangu?

Basi nimeona niandike. Mwandiko wangu unaujua. Niliishia la nne, na mwalimu alikuwa anasema daftari langu ni kama kuku kapita kwenye majivu. Soma taratibu, utafika.

Huku wazima. Mvua ipo, mahindi ya mama kule Mpitimbi yamefika magotini, jirani Anjelika ndiye anayeyapalilia. Mguu wake bado unauma, mdomo mzima kabisa. Mimi bado nimekaa na cherehani langu barazani kwa Rupert muuza spea za baiskeli. Yeye anaziba tairi, mimi naziba suruali, wote tunakula kwenye matundu ya watu.

Sasa sikia biashara mpya. Mwalimu mmoja wa chekechea alitaka watoto wake wavae nguo za wanyama siku ya sherehe. Nikamwambia, mama, wanyama kila mtu anao, mimi nina watu wa hadithi. Akasema hadithi gani? Nikamtolea za mama zote. Bibi Mifuko mwenye koti la mifuko arobaini. Bwana Panzi aliyegombana na fundi kwa sababu magoti yake yako nyuma. Chura Mwenye Miwani. Yule mwalimu alicheka mpaka akakaa kwenye tairi la mteja. Nimeshona kumi na mbili, watoto wamependeza, na sasa chekechea nyingine inaniulizia.

Kwenye mzigo huu kuna koti la Bibi Mifuko kwa ajili ya Ida. Nimelitoa kwenye makoti matatu ya mtumba. Mifuko arobaini sikufikisha, mgongo wa mtoto wa miaka saba hautoshi, nimeweka kumi na tisa. Mfuko wa kwapani ndio wa jogoo, anajua mwenyewe.

La msibani sitaki kulishika sana. Najua ndilo linalozuia simu. Mzee Egidi mtani wetu alikwama Njombe na gari bovu, na watu wamekaa pale kimya kama wamekuja kupimwa macho. Msiba wa mama bila mtani! Nani avae nguo zake, aige anavyotembea, awagombeze wapishi, watu wacheke kidogo kabla ya kwenda makaburini? Nikavaa mimi. Najua mtoto wa marehemu havai. Ni kama refa kufunga goli. Lakini walicheka, dada. Katekista alicheka mpaka akatoka nje.

Msalimie shemeji Majaliwa. Mwambie korosho za kutafuna anazokula peke yake siku moja zitamshtaki.

Mdogo wako anayekukumbuka, hata kama wewe una shughuli,
Remmy


Namasakata, Tunduru
10 Machi 2024

Remmy,

Marahaba. Mzigo umefika. Kondakta aliushusha Tunduru mjini ukakaa dukani kwa mtu wiki mbili, mpaka shemeji yako alipokwenda kutafuta pampu ya dawa.

Sisi wazima. Mvua imekuwa nyingi. Mama mkwe alikuwa na homa, amepona. Ida ameanza darasa la kwanza, anajua kusoma maneno mafupi.

Koti limemkaa. Mikono ni mirefu kidogo, nimekunja. Halivui, amelala nalo siku nne, nililifua kwa kumvizia akiwa shule.

La msiba sina la kusema.

Ukituma tena, usiandike jina lako juu ya mzigo. Andika Ida, Namasakata, inatosha. Na barua yangu usiiweke kwenye mfuko wa nguo ya mtoto. Mpe kondakta mkononi.

Asante kwa koti.

Devota


Mjimwema, Songea
31 Machi 2024

Dada,

Shikamoo, na Pasaka njema. Barua yako nimeisoma mara tatu. Si kwa utamu, ni kwa ufupi wake, nilidhani nyingine imebaki kwenye bahasha. Nikaikung'uta. Ikatoka punje ya mchanga wa Namasakata.

Huku wazima. Leo kanisani kwaya imeimba watu wanafuta machozi, mimi nimesimama nafungua mdomo na kufunga kama samaki wa kwenye beseni. Sauti sina habari nayo kama ilitoka.

Biashara inakwenda. Nimepata mteja wa Mpitimbi, mwanamke mmoja anamwoza binti yake, anataka watoto wa kushika maua wavae kama Bwana Panzi na mkewe. Nimemwambia katika hadithi Bwana Panzi hana mke, magoti yaliwatisha wanawake. Akasema mshonee mke wewe. Nimemshonea. Kwa hiyo mama angekuwepo angesikia kwamba Panzi wake ameoa bila yeye kuambiwa, ningepigwa kwa mwiko.

Kichekesho kingine. Wiki iliyopita nilikuwa nashona suruali ya Panzi ya Ida, ile iliyomo humu, sindano ya cherehani ikanipitia kidole cha shahada, ikaingia juu ikatokea chini. Mimi naendelea kukanyaga pedeli. Aliyepiga kelele ni mteja. Rupert akanishika mkono akasema, "Wewe, huoni?" Nikamwambia naona, ni kidole. Wamenipa jina sasa, wananiita Fundi Ganzi. Watoto wakipita barazani, "Fundi Ganzi, shikamoo!" Naitikia. Nifanyeje, jina limekuja bure.

Suruali nimeiwekea magoti nyuma, pamba ndani. Akikaa itamsumbua, akiruka itapendeza. Humo pia kuna Chura wa kitambaa, miwani ni ya vifungo.

Jina langu sijaandika juu ya mzigo, kama ulivyoagiza. Ila dada, mimi ni mwizi? Nimemkosea nini mtoto mpaka asijue mjomba wake ndiye anamshonea? Niambie tu, mimi si wa kununa. Uso wenyewe wa kununia sina.

Remmy


Namasakata
19 Mei 2024

Remmy mdogo wangu,

Marahaba. Nimechelewa. Nilianza barua hii mara mbili nikawashia jiko.

Tuko wazima. Shemeji yako anasafisha chini ya mikorosho. Mama mkwe anakusalimu. Anasema wewe ni mtu hatari kwa sababu suruali yako imemfanya Ida aruke kutoka juu ya kinu.

Unauliza umekosea nini. Mtoto hujamkosea.

Nilipopigiwa simu kwamba mama amefariki, Ida nilimwacha hapa kwa bibi yake mwingine. Sikumwambia naenda kuzika, nilimwambia naenda kumwona bibi. Niliporudi alikuwa amekaa kwenye ngazi ananisubiri. Akauliza, "Bibi yangu anafanya nini?" Nikasema, "Yuko Songea, anashona." Ndilo lililotoka. Nilisema kesho nitamwambia. Kesho yake akasema tumpigie, nikasema simu ya bibi imedumbukia kwenye ndoo. Ikaja Krismasi. Ukaja mzigo wako. Akafungua koti, akaingiza mkono kwapani, akasema, "Bibi hakusahau jogoo." Ndiyo maana sikutaka jina lako.

Shemeji yako ananiambia kila siku huu ni uongo mbaya. Najua.

Sasa na mimi nikuambie la msibani, uache kuniandikia habari za katekista. Wewe ulivaa gauni la kijani la mama, kilemba chake, na miwani yake iliyofungwa uzi. Ulisimama mlangoni ukiwa umeshika kiuno kama yeye. Mimi nilikuwa nashuka kwenye pikipiki. Nimesafiri toka alfajiri, macho yamejaa vumbi na kulia. Nikainua kichwa nikamwona mama amesimama mlangoni kwake. Nikajua wamekosea. Nikajua aliyepiga simu amekosea, ni mwingine aliyekufa. Nilifurahi, Remmy. Niliangusha mfuko nikakimbia. Nikafika karibu nikaona ndevu zako.

Watu walikuwa wanacheka. Hilo la kufurahi ndilo siwezi kukusamehe.

Sijui kwa nini namfanyia Ida hivyohivyo. Labda kwa sababu ile dakika ilikuwa nzuri.

Humu kuna kitu chake. Ni mfuko. Ameukata kwenye gunia la korosho, ameshona mwenyewe kwa uzi wa gunia na sindano ya kushonea magunia, nilikuwa nimekaa pembeni naogopa asijichome macho. Anasema ni mfuko wa kuongeza kwenye koti la Bibi Mifuko, wa arobaini na moja, bibi ataamua uwe wa kuwekea nini. Anataka jibu. Anajua bibi hajui kuandika, atajua umemwandikia wewe, lakini maneno yawe ya bibi.

Mwandikie. Wewe unaweza.

Na kitu kingine. Siku mama anakufa ulikuwa naye. Alisema nini mwisho?

Devota


Mjimwema
2 Juni 2024

Dada Devota,

Shikamoo.

Baridi imeanza. Watu wameleta makoti yabadilishwe zipu, kwa hiyo mkono hautulii. Mahindi ya mama yamekauka, wiki ijayo tutavuna. Anjelika atapata magunia yake mawili. Nimekula, nimevaa, sina ugonjwa.

La kukimbia sikulijua. Nilikuona unakuja mbio, nikadhani unakuja kunikumbatia. Nikafungua mikono.

Barua aliyoitaka hii hapa, nimeiandika kwenye karatasi yake peke yake ili umsomee. Nakuandikia na humu, uone kama imekaa sawa.

"Wewe somo yangu, Ida mwenye jina langu. Mfuko wako umefika. Uzi wa gunia ni mzuri, hauna maringo, lakini pindo umeliacha wazi kama mdomo wa mjomba wako. Ukishona kingine urudie mara mbili. Umeniuliza uwe wa kuwekea nini. Ngoja nikuambie. Juzi Bibi Mifuko alikwenda mnadani, Fisi akamfuata nyuma taratibu. Akatia mkono mfuko wa kwanza, akakuta mvua, akalowa mpaka begani. Akatia wa pili, jogoo akamdonoa. Akatia wa tatu, akakuta mkono wa Fisi mwenzake aliyeingia mwaka juzi mpaka leo hajatoka. Wakasalimiana. Sasa Bibi Mifuko anatafuta mfuko wa kumhamishia yule Fisi wa zamani, maana amenenepa. Nadhani wako utamfaa. Kula mboga za majani. Usichezee mkasi wa mama yako. Bibi yako Ida."

Ndiyo hiyo. Nimeiandika kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Sikufuta neno. Nilipomaliza nikaisoma, nikaona ni yeye kabisa, mpaka ile ya mdomo wangu. Nikaikunja. Chai ilikuwa bado ya moto, nikaimalizia. Sukari sikujua kama niliweka.

Gari linaondoka, naishia hapa.

Remmy


Namasakata
14 Julai 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilikuuliza mama alisema nini mwisho, hukunijibu. Sawa.

Sisi wazima. Shemeji yako amemaliza kupulizia mikorosho dawa. Kuku wamekufa sita kwa mdondo.

Barua ya bibi nimemsomea mara nyingi mpaka anaijua kwa kichwa. Anawasomea wenzake shuleni. Mwalimu wao ameniambia mtoto amechangamka, zamani alikuwa anakaa nyuma. Pindo ameanza kurudia mara mbili. Mama mkwe alipomwambia inatosha, alijibu, "Bibi wa Songea ndiye fundi."

Tatizo ni hili. Likizo ya Desemba anataka kuja huko. Ameshaanza kukusanya karanga kwenye kopo za kumletea. Ameniuliza kitanda cha bibi kinatosha watu wangapi. Nimeshindwa kumwambia. Nikifungua mdomo namwona amekaa na lile koti, naufunga.

Nakuomba umwandikie nyingine. Bibi aseme kwamba anasafiri. Aseme anakwenda Mbamba Bay kwa ndugu, atakaa huko muda mrefu, asimsubiri Desemba. Tukifika mwaka mwingine nitakuwa nimejua la kufanya.

Umwandikie mapema. Mimi hayo maneno siyawezi.

Dada yako,
Devota


Mjimwema
4 Agosti 2024

Dada,

Shikamoo. Tuko wazima wote, hata Anjelika.

Nilikaa kuandika. Nikaandika "Wewe somo yangu," nikafika hapo. Nikafikiri, nikimfikisha mama Mbamba Bay, Desemba utaniambia nimpandishe meli avuke ziwa. Akivuka nitampeleka wapi? Mwisho nitakuwa naye Ulaya anashona makoti ya theluji, na kule Mpitimbi tumemfukia vizuri, tumeweka na saruji.

Hapana, dada. Siandiki.

Usidhani nalipiza. Subiri nikueleze, na leo nitajitahidi bila mzaha. Mtani akivaa nguo za marehemu, anamaliza kazi yake, wafiwa wanampa chochote, hata kuku, wanamwambia asante, sasa vua. Anavua, anakwenda kunywa kangala yake, kesho ni mtu wa Njombe kama kawaida. Ile siku aliyetakiwa kutoa kuku ni mimi, na aliyetakiwa kupokea ni mimi. Nilivua gauni mwenyewe nyuma ya nyumba, nikalitundika kwenye kamba ya nguo, nikaenda kubeba jeneza. Hakuna aliyeniambia vua.

Nyinyi wote mlimwona mama siku ile kwa mara ya mwisho. Anjelika alimwona, katekista alimwona, na wewe ulimwona mlangoni mpaka ukakimbia. Mimi peke yangu sikumwona. Mimi nilikuwa ndani ya gauni.

Tangu siku hiyo sijalia. Si ushujaa. Nakaa nalitafuta chozi nalikosa, kama mtu aliyesahau jina la kijiji. Nachekesha watu siku nzima barazani, Rupert anasema baiskeli zinaletwa hata zikiwa nzima ili watu wanisikilize. Mimi nasikia kelele za mbali. Na nilipoandika barua ile ya Fisi nikaona naweza kuwa yeye kwa kikombe kimoja cha chai, niliogopa. Nikiandika ya pili na ya tatu nitabaki humohumo.

Mwambie mtoto. Akisikia kwa wenzake itakuwa mbaya zaidi. Tarehe kumi na mbili Novemba ni mwaka mmoja, misa nimeshaandikisha parokiani, na nguo za mama zitagawiwa siku hiyo. Sanduku sijaligusa. Ida ni somo yake, inabidi awepo. Atakuwepo vipi kama bibi yuko Mbamba Bay?

Ukinikasirikia tena, kasirika. Simu sitapiga.

Remmy


Namasakata
29 Septemba 2024

Remmy,

Nimemwambia.

Salamu zangu kwa wote huko. Sisi ni wazima wa mwili.

Barua yako ilinikuta nikakaa na hasira mwezi mzima. Sikumwonyesha mtu. Halafu juma lililopita tulikuwa tunaokota korosho za mwanzo, mimi na Ida, ana kikapu chake. Akaniambia kopo la karanga limejaa, atafute lingine. Nikamwambia kaa hapa.

Nikasema, "Ida, bibi wa Songea hayupo."

"Kaenda wapi?"

"Amekufa. Tangu mwaka jana. Nilipokwenda kule nikakuacha hapa, nilikwenda kumzika."

Akaendelea kuokota. Akatia tatu kwenye kikapu. Akauliza, "Koti je?"

"Mjomba."

"Suruali ya Panzi?"

"Mjomba Remmy ameshona vyote."

"Na barua ya Fisi?"

"Hiyo pia."

Akaninyanyulia macho. "Kumbe wewe ulijua."

Akasema, "Nilikuuliza bibi anafanya nini, ukasema anashona." Nikasema ndiyo, nilisema. Akasema, "Na mjomba akasema yeye ndiye bibi." Nikasema mimi ndiye niliyemtuma. Akasema, "Mtu mzima anatumwa?"

Alikwenda nyumbani peke yake. Nilipofika alikuwa amevua koti, amelikunja, amelitia kwenye mfuko mtupu wa salfa ya mikorosho pamoja na suruali na Chura. Akasema, "Mpelekee mwenyewe." Barua ya Fisi ameichana, nilikuta vipande kwenye jivu. Kwa sasa analala kwa mama mkwe. Mimi ananipa shikamoo asubuhi na jioni, basi.

Shemeji yako hakusema, "Nilikuambia." Alichukua kikapu akaenda kumalizia kuokota.

Mzigo nimempa kondakta. Jina lako liko juu. Usifikiri ni mimi ninayerudisha.

Nilitaka nimpe ile dakika yangu ya mlangoni. Nimempa miezi kumi, na sasa inabidi airudishe yote.

Novemba sijui kama atakubali kuja. Hata ukimwandikia, hatasoma kitu cha bibi tena. Hata mimi sitamsomea.

Devota


Mjimwema, Songea
13 Oktoba 2024

Kwa Ida, mwanafunzi wa darasa la kwanza, Namasakata

Ida, hujambo?

Barua hii ni yako. Nimeandika herufi kubwa ili uisome mwenyewe, usisomewe na mtu. Ukikwama neno, liruke, utalikuta mbele.

Mimi ni Remmy, mjomba wako, mdogo wake mama yako. Nashona kwa cherehani Mjimwema. Mzigo umefika. Nimelitoa koti, nimelitundika ukutani. Sitalirudisha kwako na sitaliuza. Litakaa.

Mimi ndiye niliyeshona koti. Mimi ndiye niliyeshona suruali na Chura. Barua ya Fisi niliandika mimi. Hadithi ni za bibi, ila siku ile hakusema yeye. Mama yako aliniomba, nikakubali, nilikuwa na uwezo wa kukataa. Umeuliza kama mtu mzima anatumwa. Anatumwa. Na akitumwa vibaya, kosa ni lake pia. Nisamehe. Kama si leo, basi siku utakayotaka.

Mfuko wako wa gunia ninao mimi. Ulikuwa wa bibi, haukumfikia. Ukiutaka nitaurudisha kwa gari la kesho yake.

Sasa nikuambie bibi alivyokufa, kwa sababu hakuna aliyekuambia, na wewe una jina lake. Ilikuwa Jumapili, tarehe 12 Novemba, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Mpitimbi. Alikunywa uji nusu kikombe. Akasema anasikia baridi. Nilimfunika blanketi. Akasema bado baridi. Nikatoka kwenda kumwita jirani Anjelika. Nilikwenda na kurudi. Nilipoingia alikuwa ameshakufa, mkono uko nje ya blanketi.

Watu wote nimewaambia nilikuwa naye. Mama yako ameniuliza alisema nini mwisho, sikumjibu. Sikuwepo, Ida. Nilikuwa nje, kwenye njia ya kwa Anjelika. La mwisho nililosikia mimi ni "bado baridi." Mwambie mama yako, au mpe karatasi hii asome mwenyewe.

Jana nilipokuwa naandika hapo juu, pale kwenye mkono, nililia. Nimelia barazani mchana, wateja wanaona. Rupert alifunga duka akakaa na mimi.

Novemba kuna misa, halafu nguo za bibi zitagawiwa. Kuna magauni manne, vitenge, kilemba, na viatu vya kanisani. Wewe ni somo yake, unachagua wa kwanza kabla ya watu wazima wote, ndivyo ilivyo kwetu. Kaburi utaliona. Kama hutaki kuja, usije, nitakuwekea kitu kimoja nisiambie mtu. Kama hutaki nguo zangu, sawa pia. Kwa mama yako usikae mbali sana. Yeye alikuwa na hamu na bibi kama wewe.

Ukitaka kuuliza kitu chochote cha bibi, niulize. Alivyokuwa anacheka, alivyokuwa anagomba, alikuwa anaogopa nini. Ninachokijua nitakuandikia. Nisichokijua nitasema sikijui.

Aliyeandika ni mimi, Remmy, mjomba wako. Hakuna mwingine humu ndani.